Cheti cha Kilimo Hai Kiko Mikononi mwa Nani?

Albert Howard, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza, alifika India mwaka 1905 akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na wakulima wa huko ndio waliotarajiwa kunufaika na elimu yake. Baada ya misimu kadhaa katika kituo cha Pusa, aliona kwamba mwanafunzi alikuwa yeye. Mazao ya wakulima waliomzunguka, wasiokuwa na dawa wala mbolea ya kiwandani, yalistahimili wadudu na magonjwa, naye akaanza kuchunguza namna wanavyolima badala ya kutafuta sumu ya kunyunyiza. Kati ya 1924 na 1931, akiwa Indore, aliipanga elimu hiyo ikawa utaratibu wa kutengeneza mboji: masalia ya mazao, samadi, majivu na udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe, tabaka juu ya tabaka, vikimwagiwa maji na kupinduliwa kwa ratiba mpaka viive. Kitabu chake cha mwaka 1940 kilisambaza hoja kwamba afya ya mmea, ya mnyama na ya mtu huanzia kwenye rutuba ya udongo, na kwamba rutuba hiyo haidumu isipokuwa kile kilichotoka shambani kinarudishwa shambani. Uingereza, Lady Eve Balfour aliiendeleza hoja hiyo, na mwaka 1946 kikaundwa chama cha Soil Association. Marekani, J. I. Rodale alianza kuchapisha jarida lake huko Pennsylvania mwaka 1942. Walikuwa na tofauti zao, lakini kiini cha mafundisho yao kilikuwa uhusiano kati ya mkulima, mifugo na kipande cha ardhi anachokijua. Marufuku ya dawa na mbolea za viwandani yalifuata kutokana na uhusiano huo.

Miaka themanini baadaye, mwaka 2020, mauzo ya bidhaa za kilimo hai nchini Marekani yalivuka dola bilioni 60. Sehemu kubwa ya majina yanayosomeka kwenye pakiti hizo inamilikiwa na makampuni yaleyale yanayouza nafaka za sukari, soda na biskuti. Philip Howard, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, ambaye amefuatilia umiliki huo kwa miaka mingi, alihesabu wasindikaji huru 81 wa vyakula vya kilimo hai mwaka 1995. Muongo mmoja baadaye waliosalia nje ya mikono ya makampuni makubwa walikuwa 15. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba matajiri walifanya hila, au kwamba wakulima waanzilishi walikuwa na tamaa ya fedha. Hila zilikuwepo na tamaa haikukosekana, lakini sidhani kwamba hizo ndizo sababu kuu. Naona chanzo kiko kwenye kipimo. Kilimo hai kilipoingizwa katika sheria, kilipimwa kwa vitu vinavyoingia shambani na kiwandani, yaani kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi, na uhusiano wa mkulima na udongo wake ukaachwa katika maneno mepesi yasiyokagulika. Orodha ya vitu vilivyoruhusiwa inaweza kutimizwa na yeyote mwenye fedha za kuvinunua, na mwenye fedha nyingi huvinunua kwa bei nafuu kuliko mwenye ekari tano.

Sheria hiyo haikuletwa na makampuni. Iliombwa na wakulima wenyewe, na walikuwa na sababu za haki. Chama cha California Certified Organic Farmers, kilichoundwa mwaka 1973, kilianza na wakulima waliokuwa wakikaguana: jirani alikwenda kwa jirani, akatazama mboji, akauliza magugu yanapaliliwaje, akasaini. Utaratibu huo ulifaa pale ambapo mnunuzi na mkulima walikutana gulioni. Bidhaa zilipoanza kusafiri kutoka jimbo hadi jimbo, kila jimbo likawa na sheria yake au halina kabisa, na mtu yeyote aliweza kuandika chochote kwenye sanduku la karoti. Mwaka 1980 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa ripoti iliyokipa kilimo hai heshima ambayo hakikuwahi kupewa na serikali, lakini utawala uliofuata haukuitilia maanani. Kisha, Februari 1989, kipindi cha televisheni kikatangaza hatari ya Alar, kemikali iliyonyunyizwa kwenye matofaa ili yasidondoke kabla ya kuiva. Wazazi walishtuka, maduka yakatafuta chakula cha kilimo hai kwa udi na uvumba, na hakikutosha. Mahali penye uhitaji mkubwa na mali kidogo, walaghai hawachelewi. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya uzalishaji wa vyakula vya kilimo hai, iliyosukumwa na Seneta Patrick Leahy wa Vermont, jimbo la wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa.

Waliotunga sheria hiyo walijaribu kuweka kinga. Waliunda baraza la ushauri kuhusu viwango, la watu 15, ambamo wakulima wana viti vinne, watetezi wa mazingira vitatu, watetezi wa walaji vitatu, na wasindikaji viwili tu. Hakuna kemikali ya kutengenezwa kiwandani ambayo ingeingia kwenye orodha ya vilivyoruhusiwa bila baraza hilo kuipendekeza. Na umma ulionyesha mapema kwamba uko macho. Desemba 1997 wizara ilipotoa rasimu ya kanuni iliyoacha mlango wazi kwa mazao yaliyobadilishwa vinasaba, chakula kilichopigwa mionzi na tope la majitaka ya mijini kutumika kama mbolea, maoni zaidi ya 275,000 yalimiminika wizarani, karibu yote ya kupinga. Wizara ikarudi nyuma, na kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2002 zikayapiga marufuku mambo yote matatu. Ulikuwa ushindi wa kweli, na sitaki kuupunguza. Lakini tazama ulihusu nini. Yote matatu ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvinyooshea kidole na kusema hiki kisiingie. Mamia ya maelfu ya watu walilipigania neno "hapana" na wakalipata. Hakukuwa na wimbi kama hilo lililodai kanuni iseme ng'ombe ale majani kiasi gani, mazao yazungushwe vipi shambani, au faida ya jina hili imrudie nani.

Kisa cha Gene Kahn kinaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda pale ambapo hapakuwa na neno hilo. Kahn alianzisha Cascadian Farm mwaka 1972 kwenye bonde la mto Skagit, jimbo la Washington, akiwa kijana aliyeacha masomo ya chuo kikuu ili alime bila sumu. Taharuki ya Alar ilimfanya apanue biashara haraka, soko likatulia, madeni yakambana, naye akauza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya juisi ya Welch's. Baadaye alijenga kampuni ya Small Planet Foods, na mwaka 1999 ikanunuliwa na General Mills, mojawapo ya makampuni makubwa ya nafaka za kifungua kinywa duniani. Kahn akawa makamu wa rais huko. Kumwita msaliti ni rahisi na hakutufundishi chochote. Alikuwa mkulima aliyegundua kwamba faida haiko kwenye stroberi mbichi, iko kwenye stroberi iliyogandishwa, ikasindikwa, ikatiwa kwenye pakiti yenye jina. Ili asindike kwa wingi alihitaji viungio ambavyo shamba haliwezi kutoa, na akiwa mjumbe wa baraza la viwango aliunga mkono viruhusiwe. Mjumbe mwenzake, Joan Gussow, mtaalamu wa lishe, alipinga akiuliza kama keki ya kiwandani inaweza kweli kuitwa chakula cha kilimo hai. Upande wa Kahn ndio uliopata nguvu: kama walaji wanataka keki, alijibu kwa matendo yake, basi wapewe keki isiyo na sumu.

Mkulima mmoja wa Maine, Arthur Harvey, mzalishaji wa blueberry, alisoma sheria ya 1990 na kuona kwamba haikuruhusu kabisa kemikali za kutengenezwa katika chakula kilichosindikwa chenye nembo ya kilimo hai. Akaishtaki wizara, akianza bila wakili. Januari 2005 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kwanza huko Boston ilikubaliana naye katika jambo hilo. Kwa miezi michache ikaonekana kwamba mtu mmoja mwenye sheria ya kurasa chache mkononi amewashinda wenye viwanda. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likapachika nyongeza fupi ndani ya muswada wa fedha za Wizara ya Kilimo, na viungio vikarudi. Iliyoongoza juhudi hiyo ilikuwa Organic Trade Association, chama cha wafanyabiashara wa sekta yenyewe, si maadui wa kilimo hai kutoka nje. Kwa hiyo katika kipindi cha takriban miaka mitatu tangu kanuni zianze kutumika, mahakama ilikuwa imesema sheria inamaanisha jambo moja, na Bunge likaibadilisha sheria ili imaanishe jingine.

Mahali pengine palipobadilishwa hapakuhitaji hata Bunge. Kwa mujibu wa sheria, kila kitu kilicho kwenye orodha ya vilivyoruhusiwa hupitiwa upya baada ya miaka mitano. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kwamba kitu hicho kinaondoka chenyewe isipokuwa theluthi mbili ya wajumbe wapige kura kibaki. Septemba 2013 wizara ikatangaza utaratibu mpya: kitu kinabaki chenyewe isipokuwa theluthi mbili ya wajumbe wapige kura kiondoke. Kura kumi zilizohitajika kukilinda kitu sasa zikahitajika kukifukuza. Mtu asiyefuatilia vikao angeweza kudhani ni marekebisho ya kiofisi tu. Mfano wa karibu na kwetu ni karajini, ute unaotolewa kwenye mwani na kutumika kulainisha maziwa ya soya, malai na vyakula vya watoto. Mwani wa aina hiyo ndio unaolimwa tangu 1989 kwenye fukwe za Unguja, Paje na Jambiani zikiwemo, na wanawake ndio wengi katika kazi hiyo ya kufunga vitawi kwenye kamba maji yanapotoka. Novemba 2016 baraza lilipiga kura ya kutosha karajini iondolewe kwenye orodha. Mwaka 2018 wizara ikaibakiza. Sina ugomvi na mwani, na mwanamke wa Paje hana kosa lolote katika habari hii. Jambo la kuangalia ni kwamba mjadala mzima uliendeshwa kati ya wasindikaji, wizara na wanaharakati wa jijini Washington, na bei anayolipwa mkulima wa mwani kwa kilo haikuwa sehemu ya swali. Orodha ya pembejeo haiulizi habari za mtu anayezalisha pembejeo.

Viti vya baraza navyo vilianza kukaliwa na watu wasiotarajiwa. Mfanyakazi wa Driscoll's, kampuni kubwa ya kuuza stroberi na jamii zake, aliteuliwa kukalia kiti cha mkulima. Watetezi wa uteuzi huo walisema naye anafanya kazi zinazohusu mashamba, na kweli anafanya. Lakini mtu anayelipwa mshahara kusimamia mashamba ya wengine na mtu anayekosa usingizi kwa sababu mvua imekataa hawatetei maslahi yaleyale wanapopiga kura.

Maziwa ndiyo yanayoeleza mengi kuliko bidhaa nyingine yoyote, kwa sababu kwa ng'ombe uhusiano na ardhi unaonekana kwa macho. Kanuni za 2002 zilitaka ng'ombe wa kilimo hai wawe na "nafasi ya kufika malishoni". Mfugaji wa Vermont mwenye ng'ombe sitini alielewa maana yake bila kuelezwa: majira ya joto yakifika mlango wa zizi unafunguliwa. Zizi la maelfu ya ng'ombe katika nchi kavu ya Idaho au Colorado halina mlango wa kufunguliwa namna hiyo. Ng'ombe anayekamuliwa mara tatu kwa siku hana muda wa kutembea kwenda mbali na kurudi, na ekari za majani zinazotosha maelfu haziwezi kuwa mlangoni. Hata hivyo, nafaka yake ikiwa imelimwa bila sumu, na hakupewa homoni wala antibiotiki, orodha ya pembejeo imetimia. Horizon Organic, iliyoanzishwa Colorado mwaka 1991, ilikua kwa kuchanganya mazizi makubwa ya namna hiyo na mikataba ya wafugaji wadogo. Dean Foods, kampuni kubwa ya maziwa ya kawaida, ikaimiliki yote kufikia Januari 2004. Mwaka 2007 wizara ilikusudia kuinyang'anya cheti Aurora Organic Dairy, mzalishaji mkubwa wa maziwa yanayouzwa kwa majina ya maduka, ikitaja makosa 14 ya makusudi. Jambo likaisha kwa makubaliano na kampuni ikaendelea na biashara. Wafugaji wadogo walipiga kelele miaka minane, na mwaka 2010 hatimaye kanuni ikapata namba: siku zisizopungua 120 malishoni kila mwaka, na angalau asilimia 30 ya chakula anachokula ng'ombe katika msimu huo, kikipimwa bila maji yake, kitoke kwenye majani anayojichungia. Hii ni mojawapo ya sehemu chache za kanuni za Marekani zinazopima uhusiano wa mnyama na ardhi, na imesaidia. Utekelezaji wake una mianya, lakini sasa mkaguzi ana kitu cha kuhesabu.

Hata namba hiyo haikuweza kulinda kitu kimoja. Danone ya Ufaransa iliinunua WhiteWave, iliyokuwa ikimiliki Horizon baada ya Dean Foods, mwaka 2017 kwa thamani ya takriban dola bilioni 12.5. Agosti 2021 ikawaandikia wafugaji 89 wa Vermont, Maine, New Hampshire na New York kwamba mikataba yao haitaendelea. Hakuna aliyeambiwa kwamba maziwa yake ni mabaya au kwamba amevunja kanuni. Walikuwa na majani, walikuwa na cheti, na ng'ombe wao walitoka nje. Tatizo lilikuwa lori: kuzunguka vijijini kukusanya maziwa kidogo kidogo kutoka kwa wafugaji waliotawanyika kunagharimu kuliko kujaza tangi zima katika zizi moja. Maziwa huharibika kwa siku chache, na kiwanda cha kuyasindika si kitu cha kupatikana kwa wiki moja. Baada ya malalamiko makubwa muda wao uliongezwa mpaka Februari 2023, na wengi walipokelewa na Organic Valley, ushirika wa wakulima ulioanzia Wisconsin mwaka 1988. Mwaka 2024 Danone yenyewe ikaiuza Horizon kwa kampuni ya uwekezaji. Organic Valley si malaika. Ina wafanyakazi wengi, magari mengi na bodi inayobishana. Tofauti yake ni kwamba wamiliki wake ndio wanaokamua. Mwaka 2004, maziwa yalipopungua, iliamua kuacha kuiuzia kampuni ya maduka makubwa ya Walmart ili iwatosheleze wateja wake wa zamani. Kampuni yenye wanahisa wanaosubiri ripoti ya robo mwaka isingemudu uamuzi kama huo.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba bila makampuni makubwa kilimo hai kingebaki chakula cha watu wachache wenye fedha na muda wa kwenda gulioni. Walmart ilipotangaza mwaka 2006 kwamba itaongeza maradufu bidhaa za kilimo hai, bei ziliteremka na mama wa mji mdogo usio na gulio akaweza kumnunulia mtoto wake maziwa yasiyo na mabaki ya dawa. Kila ekari inayoacha sumu ni kibarua mmoja asiyepuliziwa, ni kisima kimoja kisichoingia kemikali, awe mwenye ekari hiyo ni bilionea au mkulima wa kijijini. Nakubaliana na hayo yote. Anayebeba bomba la dawa mgongoni California hajali hisa za shamba ni za nani. Lakini pingamizi hilo linachukulia kwamba ekari zilizoletwa na bei nafuu zitabaki. Shamba linalofuata kanuni kwa sababu mwenyewe anaamini litaendelea hata bei ikishuka kidogo. Shamba linalofuata kanuni kwa sababu mnunuzi ameagiza litaacha siku mnunuzi atakapoacha kuagiza, na mnunuzi ataacha siku atakapopata kwingine kwa bei ndogo. Coca-Cola iliinunua Honest Tea, chai ya kilimo hai, ikaimiliki yote mwaka 2011, na mwaka 2022 ikaifuta sokoni kwa uamuzi wa kibiashara. Walionufaika na bei ndogo ni halisi, na waliopoteza mnunuzi kwa barua moja ni halisi vilevile.

Wengine watasema kwamba bila sheria na wakaguzi rasmi tungerudi kwenye sanduku la karoti lenye maneno yoyote. Ni kweli, na ndiyo maana silaumu kuwepo kwa sheria. Ila ukubwa haukuleta uaminifu kama ulivyoahidi. Mwaka 2017 iligundulika kwamba shehena ya soya ya takriban tani 16,000, iliyotoka Ukraine kupitia Uturuki ikiwa mali ya kawaida, ilishuka bandarini California ikiwa na karatasi za kilimo hai na bei ya kilimo hai. Mwaka 2019 mfanyabiashara wa nafaka wa Missouri alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka kumi kwa kuuza kwa miaka mingi nafaka za kawaida kwa jina hilo. Nafaka hizo ndizo chakula cha kuku na ng'ombe wanaotoa mayai na maziwa yenye nembo. Udanganyifu wa kiasi hicho hauwezekani kwa mkulima anayeuza mezani mwake. Unawezekana pale karatasi inaposafiri mbali kuliko macho. Wizara imekaza ukaguzi kwa kanuni mpya zilizoanza kutumika Machi 2024, na ilistahili kufanya hivyo mapema zaidi.

Mwaka huohuo wa 2017, mjini Jacksonville, baraza la viwango lilipiga kura kuhusu mboga zinazooteshwa kwenye mabomba na vyombo vyenye maji ya virutubisho, bila kugusa ardhi. Pendekezo la kuzikataza lilishindwa kwa kura 8 dhidi ya 7. Kwa orodha ya pembejeo hakuna kasoro: virutubisho vimeruhusiwa, sumu haipo. Kilichokosekana ni udongo, ambao kwa Albert Howard ulikuwa kila kitu. Wakulima kadhaa, wakiongozwa na mlimaji nyanya wa Vermont, Dave Chapman, walianzisha mwaka 2018 nembo yao ya ziada, Real Organic Project, inayotaka nyanya iote ardhini na ng'ombe ale majani. Wanabeba nembo mbili, ya serikali na yao, kwa sababu ya kwanza haitoshi tena kusema wanachofanya.

Habari hii inatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani wakulima wengi wa kilimo hai duniani wana mashamba madogo, na katika miaka ya karibuni Uganda imekuwa ya pili duniani kwa idadi yao, nyuma ya India. Pamba ya Lango kaskazini mwa Uganda, pamba ya Meatu kusini mwa Ziwa Viktoria, kahawa ya Kagera na viungo vya Zanzibar viliingia soko la Ulaya tangu miaka ya 1990, vingi kwa msaada wa mradi wa EPOPA uliofadhiliwa na Sweden hadi 2008. Mkulima mmoja mwenye ekari mbili hawezi kumlipa mkaguzi wa kigeni, kwa hiyo wanakaguliwa kwa kikundi: wakaguzi wa ndani hupita shamba kwa shamba, na shirika la nje hukagua kazi yao kwa kuchukua sampuli. Ni mpango mzuri. Lakini katika mpango wa EPOPA aliyeandaa kikundi na kugharamia ukaguzi alikuwa msafirishaji, na aliyegharamia ndiye aliyeandikwa kwenye cheti. Mkulima amelima bila sumu miaka kumi, na akitaka kumuuzia mnunuzi mwingine, mazao yake ni ya kawaida. Chama kikuu cha ushirika kama KCU cha Kagera, kikiwa na cheti chake, kiko katika hali tofauti kabisa na hiyo.

Upande wa soko la ndani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha mwaka 2007 kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, na nembo yake ya Kilimohai inaruhusu vikundi vinavyokaguana vyenyewe, jirani kwa jirani, kama walivyoanza wale wa California. Kwa soko la nje, Umoja wa Ulaya umetunga kanuni namba 2018/848, ambayo sasa inawafikia wakulima wa nje ya Ulaya. Kikundi hakiwezi kuzidi wanachama 2,000, wanachama wawe wakulima wadogo walio karibu karibu, na kikundi kiwe chombo chenye usajili wake kisheria. Wasafirishaji wamelalamika kwamba vikundi vyao vya maelfu vitagawanywa na gharama zitapanda, na gharama zitapanda kweli. Baadhi ya wakulima wataachwa nje. Ndani ya masharti hayohayo, hata hivyo, kuna jambo ambalo wafugaji 89 wa Marekani, ingawa walikuwa na cheti, hawakuwa nalo: chombo chao cha pamoja. Kikundi kilichosajiliwa kwa jina la wakulima ndicho kitakachoandikwa kwenye cheti. Orodha ya wanachama, ramani za mashamba na madaftari ya ukaguzi wa ndani vikikaa kwenye ofisi ya kikundi, na mkaguzi wa ndani akilipwa na kikundi kutokana na makato ya kila kilo, wakulima wanaweza kumhama mnunuzi na cheti chao wakabaki nacho. Msafirishaji akikisajili kikundi kwa jina la wakulima huku akiwalipa wakaguzi, akitunza madaftari na kumchagua katibu, basi usajili utakuwa wa karatasi tu. Vikundi hivyo vinasajiliwa sasa, na katiba zake zinaandikwa sasa.